Mzee Nuktambili na Ratiba ya Pampu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika shirika letu la maji, fundi mkuu wa chumba cha kompyuta, ambaye sote tunamwita Mzee Nuktambili, anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike mazuri yake, kwa kuwa meza yangu imepakana na yake. Nitajitahidi.

Alianza kazi akiwa msoma mita. Goti lilipomsumbua akahamishiwa ofisini, na huko akajifundisha kompyuta kwa ukaidi mtupu. Ndiko alikokutana na kihariri chake, ile programu ya kuandikia maandishi, na tangu hapo hajatoka humo. Sisi wengine tukitaka kuipa mashine amri, tunafungua dirisha la amri. Yeye hataki. Anabaki katikati ya maandishi yake, anabonyeza nukta mbili, alama ya mshangao, kisha amri, na majibu yanamfuata hapo hapo alipo.

"Nitoke nje kutafuta nini, na kila kitu kinakuja ndani?" hutuuliza, akitutazama kama watu tulioshindikana.

Ukimwomba msaada, ujue umejitakia. Atakupokonya kibodi, vidole vitapita mbio, kazi itakwisha, nawe utabaki umekodoa macho. Ukiuliza amefanyaje, atakujibu, "Si umeona?" Hukuona. Hakuna aliyewahi kuona. Siku moja aliandika barua ya kumpongeza mkurugenzi kwa kupata mjukuu, na kwa kuwa amri zake humwaga majibu ndani ya maandishi, barua ikafika na habari kwamba mtoto ni wa kike, ana afya njema, na diski imejaa.

Lakini la ratiba ya pampu halikuchekesha mtu. Ratiba hiyo ni faili ambalo mitambo hulisoma moja kwa moja ili ijue valvu ipi ifunguliwe saa ngapi. Mzee aliongeza vituo vipya vya maji, akataka majina ya vituo tu yapangwe kwa alfabeti. Akatoa amri kutoka ndani ya kihariri, kama kawaida yake, ila safari hii ikapanga faili zima. Saa zikaenda upande wake, valvu upande wake. Akahifadhi, akaenda kuchemsha chai.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mama msimamizi wa pampu. "Hospitali ya wazazi haina maji!" alipiga kelele. "Mmefanya nini huko?"

Mkuu wa kitengo aliingia akihema, akaamuru mashine izimwe na iwashwe upya. Mzee alikumbatia kibodi kwa mikono miwili.

"Usiguse! Kihariri bado kiko wazi, kinakumbuka ratiba ilivyokuwa. Ukizima, imepotea."

"Si tuna nakala ya akiba?"

"Ya zamani. Vituo vipya havimo."

Nilitamani kumkaba. Yeye akatendua hatua moja, yaani akaifuta ile amri ya mwisho, mistari ikarudi mahali pake, akaikagua yote kwa kidole kwenye skrini, polepole, huku simu zikilia kila meza. Ndipo akahifadhi. Valvu zikafunguka. Yeye mwenyewe akampigia msimamizi. "Kosa ni langu, mama. Maji yanakuja. Usikate simu mpaka uyaone."

Kesho yake alikwenda hospitalini kuwaomba radhi wauguzi, bila kutumwa na mtu. Aliporudi alitunga utaratibu tunaoufuata hadi leo: ratiba hujaribiwa kwanza pembeni, na mtu wa pili huikagua. Ametuchosha nao kupita kiasi, na maji hayajakatika tena kwa kosa letu.

Juzi mkewe alinipigia simu. "Mwanangu, kweli mnamrudisha nyumbani?"

"Ndiyo, mama."

"Moja kwa moja? Hakuna hata kakazi ka siku mojamoja?"

Nilimwambia hakuna. Nilipokata simu ndipo nilipogundua kwamba nami nilikuwa natamani kawepo.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa yote, pamoja na yale tuliyoyanung'unikia. Uende ukapumzike ukiwa na afya na furaha, na Mungu ampe mama uvumilivu tuliokuwa nao sisi.