Levina Nibizi, Aliyeondoa Kamba Madirishani

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya, ndugu zetu wa Ulyankulu na wakwe zetu wa Urambo, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi chini ya turubai hili, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Octavian Niyokwizera, mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, nami nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada, kazi niliyoipokea kwa sababu shemeji, mume wa marehemu, amesema yeye hataweza, nanyi naomba mnivumilie pale sauti itakapokatika.

Levina Nibizi alizaliwa tarehe 14 Machi 1975 katika makazi ya Ulyankulu, mtoto wa pili wa Mzee Ambrosi Nduwimana na Mama Marcelina, ambao walikuwa wamefika huko kwa miguu wakitokea Burundi, wakapewa eneo la msitu, wakafyeka, wakajenga. Baba alilima tumbaku, mama alisuka mikeka na milango ya matete aliyoyakata bondeni, na wanaomkumbuka dada utotoni wanasema alikuwa mtoto mtulivu mno, aliyependa kulala nyuma ya mlango wa matete wakati wa jua kali, akitazama mistari ya mwanga ikitembea polepole juu ya mikono yake, hata mama akimwita hasikii, na akija kuitika anaitika kama mtu aliyerudishwa kutoka safari ya mbali. Mama alikuwa akimwuliza alikuwa wapi, naye anajibu, "Nilikuwa hapahapa, mama, nilikuwa naangalia."

Alianza shule ya msingi hukohuko Ulyankulu mwaka 1983 na kumaliza mwaka 1989, na walimu wake hawakumpiga kwa utundu bali kwa kutazama dirishani. Mwaka 1991 alipelekwa Urambo kwa masista kujifunza ushonaji, akakaa huko hadi mwisho wa mwaka 1992, na alipotoka alikuwa amejua kukata gauni, shati na sare za shule, lakini moyo wake ulikuwa kwenye madirisha. Alichukua ufundi wa mama na ufundi wa masista akauchanganya, akawa anashona mapazia ya matete membamba, yenye ukingo wa kitambaa, yanayopanda na kushuka kwa kuvuta kamba, na nyumba yenye pazia la Levina ilikuwa na mchana wa aina yake, mwanga wa rangi ya asali, mtu akiingia kutoka barabarani anapunguza sauti bila kuambiwa.

Ilikuwa Urambo ndipo alipokutana na Emilian Luhende, fundi wa jenereta na mashine za kusaga, aliyemwendea akitaka ashonewe kofia ya kazi na kurudi wiki iliyofuata na kofia ileile akidai inambana, na wiki nyingine tena akidai imelegea. Walifunga ndoa takatifu tarehe 27 Septemba 1997, wakahamia Tabora mjini mwaka 1999, wakapanga nyumba upande huu wa njia ya Kwihara, ambayo wazee wanatuambia misafara ya zamani ilipita na pembe za ndovu kuelekea pwani, na watumwa waliozibeba pia. Dada aliipenda njia hiyo, alikuwa akisema kwamba alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza, mtu akinyamaza vizuri anasikia kama miguu mingi inapita juu ya vumbi.

Walijaliwa watoto wanne, Silasi aliyezaliwa mwaka 1998, Flavia mwaka 2001, Ishimwe mwaka 2004, na Nimbona mwaka 2009. Hapa, ndugu zangu, historia nyingi husema kwamba mmoja alitangulia mbele za haki, kisha zinaendelea, lakini familia imekubaliana kwamba leo tusipite haraka, kwa sababu dada mwenyewe aliacha kupita haraka hapo.

Tarehe 19 Agosti 2006, Jumamosi, mchana, dada alikuwa amemaliza pazia la mteja na kulitundika kwenye dirisha la chumba chake mwenyewe, aone linavyoangukia kabla ya kulipeleka. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha, Ishimwe alikuwa amelala juu yake, upepo wa kiangazi ulikuwa ukivuma kidogo, na kamba ya kuvutia pazia ilining'inia kama kitanzi karibu na mto. Dada alitoka uani kugeuza maharage, akasimama na kuzungumza na jirani, akarudi ndani, akakuta mtoto ameamka, amecheza na kamba ile, na kamba imemzunguka shingoni. Shemeji alimbeba mbio hadi hospitali, lakini Ishimwe alikuwa amekwisha kufariki. Nilipofika jioni nikitokea Ulyankulu nilimkuta dada amekaa sakafuni, akaniambia maneno ambayo sijayasahau, "Octavian, hakulia. Angelia ningesikia. Kamba haina sauti."

Baada ya mazishi alikunja matete yote, akayafunga, akayaweka darini, akashona sare za shule tu. Watu walisema maneno, mnajua watu, wapo waliosema alikuwa anapiga soga, na mama mkwe wake, Mungu amrehemu, katika uchungu wake aliuliza mbele ya wageni ni mama gani anayemwacha mtoto na kamba. Shemeji Emilian, ambaye kwa kawaida ni mtu wa maneno machache, alisimama akasema, "Mama, pazia lile nililitundika mimi. Misumari niligonga mimi. Ukitafuta wa kumlaumu, anza na mimi," na tangu hapo hakuna aliyelisema tena ndani ya nyumba ile, wala jina la mtoto halikutajwa, ikawa nyumba ya watu wanaopishana wakiwa wamevaa ukimya kama nguo.

Ulipita muda mrefu namna hiyo, hadi mwanzoni mwa mwaka 2009, Nimbona akiwa tumboni, asubuhi moja dada alimwamsha mumewe na kumwambia, "Baba Silasi, nimeota dirisha."

Shemeji akamwuliza dirisha gani.

"Sijui la nani. Lilikuwa na pazia la matete, likapanda lenyewe taratibu, na kamba yote ikaingia juu, ndani kabisa, kama ulimi wa kinyonga. Chini hakikubaki kitu."

"Hakikubaki kitu gani?"

"Hata uzi."

Shemeji mwenyewe amenieleza kwamba alidhani ni uchovu wa mimba, akamwambia alale tena, akaenda kazini. Lakini ndoto ile ilirudi, mara dirisha likiwa katikati ya msitu wa miombo bila nyumba, mara likiwa Ulyankulu na mama yetu amekaa ndani yake anasuka, na kila mara pazia linapanda na kamba inaondoka. Na siku moja shemeji akiwa amechuchumaa mbele ya jenereta ya mteja, akavuta kamba ya kuwashia, akaiachia, nayo ikakimbia kurudi ndani kama inavyofanya siku zote, lakini siku hiyo aliiangalia. Akaivuta tena, akaiachia tena. Mteja akamwuliza kama mashine imepona, yeye tayari alikuwa juu ya baiskeli, mikono imejaa grisi, akafika nyumbani akasimama mlangoni akisema, "Mama Silasi, ile ndoto yako imo ndani ya jenereta."

Kwa wale ambao hawajawahi kufungua kitu hicho, ndani mna springi ya bati jembamba lililojiviringisha kama konokono, ukivuta kamba springi inakaza, ukiachia inajikunjua na kuivuta kamba irudi kwenye kigurudumu chake. Walifungua springi za jenereta zilizokufa, wakachonga kisanduku cha mninga cha kukaa juu ya dirisha, kigurudumu na springi vikaingia humo, na kamba zikapita katikati ya matete, zisionekane wala kushikika, mtu akawa anashika ubao wa chini wa pazia kwa mkono wake, anaushusha au anausukuma juu, basi. Pazia la kwanza, springi ilikuwa na nguvu kupita kiasi, shemeji alipoliachia likaruka juu kama kuku aliyeshtuliwa, matete yakakatika, kipande kikamgonga kwenye paji la uso, na dada, aliyekuwa amekaa na Nimbona mgongoni, akacheka. Nilikuwepo siku hiyo. Shemeji alibaki ameshika paji la uso, hakutaka kusogea, kana kwamba akisogea kicheko kile kitaondoka.

Walihangaika nalo mwaka mzima na zaidi, tatizo likiwa kulifanya pazia litulie pale mtu anapotaka, na mwisho dada mwenyewe ndiye aliyekata kipande cha tyubu ya baiskeli na kukibananisha na kigurudumu kiwe breki, pazia likatulia. Hatusemi dada yetu ndiye wa kwanza duniani, tumekuja kuambiwa kwamba ng'ambo wapo waliotengeneza vitu vya namna hiyo kabla yake, lakini yeye hakuwajua, alikijua cha kwake kwa njia ya usingizi na machozi.

Kuanzia Novemba 2010 alianza kufanya jambo ambalo wengi wenu mnamkumbuka kwalo, kuyafuata mapazia yote aliyowahi kushona yenye kamba za kuning'inia, ayaondoe na kuweka haya mapya. Alikuwa akikumbuka kila dirisha kwa mwanga wake, anasema lile la Urambo karibu na stesheni ambalo jioni linakuwa jekundu, lile la Ulyankulu linalotazama shamba la mihogo, na kweli tunakwenda, tunalikuta. Mimi nilimsindikiza Sikonge kwa baiskeli, kisanduku kimefungwa nyuma, barabara ya vumbi na harufu ya nta kutoka msituni, hadi nyumba ya mfanyabiashara wa asali ambaye mkewe, Mama Sabiri, alitupokea akiwa amembeba mtoto wake. Alipoona dada anapanda kwenye kigoda alishangaa, akasema, "Shoga, mbona unang'oa kitu kizima? Mimi pazia langu nalipenda."

Dada alishusha mkono kutoka kwenye pazia. Nilitaka kujibu kwa niaba yake, akanizuia kwa macho, kisha akasema, "Mama Sabiri, mwanangu Ishimwe alikufa kwa kamba kama hii. Niliishona mwenyewe." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akilitaja jina hilo tangu mazishi.

Mama Sabiri alimwambia dada ashuke, akampa mtoto, "Hebu nishikie huyu," akapanda mwenyewe kwenye kigoda, akalikata pazia lile kwa kisu cha jikoni, likaanguka chini. Dada alikaa kwenye mkeka na Sabiri mapajani, mtoto mgeni kabisa, naye Sabiri akamshika kidole, akalala, na tulikaa pale hadi jua likashuka, maana hakuna aliyetaka kumwondoa.

Tangu safari ile alianza kusema. Alikwenda kliniki za mama na mtoto, akaomba wauguzi wampe nafasi, akasimama mbele ya akina mama wanaosubiri mizani akawaeleza habari za Ishimwe, bila kupaza sauti, akawaomba wasogeze vitanda mbali na madirisha na kuzifunga juu kamba zote. Mwenye nyumba ya wageni mmoja alipotaka mapazia mengi kwa haraka na yawe ya kamba za kawaida, maana nyumba yake haina watoto, alimjibu, "Mtoto atakuja kutembea," wala hakuyashona. Karakana yake ilikua, akafundisha wasichana kushona na kukaza springi, mwaka 2014 alipokea uraia wa Tanzania pamoja na sisi nduguze, na mwaka 2021 alipata mjukuu wa kwanza, mtoto wa Silasi.

Februari 2023 alianza kuumwa tumbo, akapimwa mjini hapa, akapelekwa Mwanza, ikagundulika ni saratani ya ini, akatibiwa huko kwa vipindi, akirudi anashona, akizidiwa anakwenda tena, hadi Machi mwaka huu madaktari waliposhauri apumzike nyumbani karibu na watu wake. Siku za mwisho alilala sana, akiamka anasimulia ndoto kama alivyokuwa akifanya siku zote. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 8 Mei 2025, shemeji akimchana nywele, alisema ameota yuko njiani na umati wa watu, wanaume kwa wanawake, wamekaa pembeni ya barabara wametua mizigo, mmoja akampa maji, naye akawauliza wanakwenda wapi.

Shemeji akamwuliza, "Wakakujibuje?"

"Wakacheka. Wakasema, dada, tumeshafika."

Akaomba maji kidogo, akanywa, akalala, na ilipokaribia saa sita mchana akakata roho, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, watoto watatu, mjukuu mmoja, mama yetu mzazi ambaye yuko hapa mbele, na sisi ndugu zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tabora na Mwanza, Baba Paroko aliyemletea sakramenti nyumbani, jumuiya yetu iliyokesha nasi kwa sala, majirani mliochota maji na kupika tangu Alhamisi, wasichana wa karakana mliomwosha dada yenu kwa heshima, mafundi wenzake Emilian mliochonga jeneza, na Mama Sabiri, aliyefika jana kwa basi kutoka Sikonge pamoja na Sabiri mwenyewe, kijana mrefu sasa, ambaye ameomba awe miongoni mwa watakaombeba, na familia imemkubalia.

Levina, mwana wa mama yangu, tunakuweka mikononi mwa Bwana aliyekuumba. Akupe usingizi mtulivu, sisi tutabaki tukikutaja.