Abiria wa Kona ya Mäejärve

Tarehe 31 Machi 2023, Hillar Zirk anazima greda lake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka arobaini na miwili katika karakana yetu ya barabara, kusini kabisa mwa mkoa wa Võru. Mimi, Urve, mpangaji wa zamu, nimeisikia sauti yake kwenye simu ya upepo karibu kila asubuhi ya maisha yangu ya kazi, na sijui Jumatatu nitaanzaje bila hiyo.

Alianza mwaka 1981, akakabidhiwa greda kuukuu ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba. Wanaozijua barabara zetu wanajua maana yake. Huku kila kilima kina shamba lake na kila shamba lina mbwa wake, na njia ya changarawe inavizunguka vilima na maziwa yote kama mtu aliyetoka kusalimia majirani. Majira ya joto Hillar alisawazisha mashimo, majira ya baridi akasukuma theluji. Katika dhoruba moja alilifukia kwa theluji gari la duka linalotembea, lote, pamoja na dereva ndani. Kijiji kizima kilikuja na sepetu, na mpaka leo dereva huyo analalamika kwamba walianza kuchimba upande wa mikate.

Alisafisha hata njia za nyumba zilizofungwa, ambazo wenyewe wamehamia Ufini kujenga nyumba za wengine. Mkubwa wetu alimfokea kwamba anachoma mafuta bure. Hillar akamjibu, “Wakija je?” Wachache sana walikuja, lakini njia zao hazikufukiwa.

Hupenda kujitambulisha kama mtoto wa marehemu, na si mzaha mtupu. Baba yake, Juhan, alikamatwa mwaka 1949 akapelekwa Siberia, na baadaye zikaja habari kwamba amefia huko. Jeneza halikuwapo, lakini mtu wa kwetu haagwi bila mti wake. Shemeji wa Juhan akaenda Kona ya Mäejärve, kwenye msonobari ulio kati ya makaburi na mashamba, akamchongea msalaba kwenye gome kama tunavyowachongea wafu wetu wote. Roho ikitaka kurudi nyumbani, huuona msalaba wake, ikatua hapo, isivuke.

Mwaka 1956 Juhan akatokea kwa miguu, mzima, furushi begani. Akaona herufi za jina lake chini ya msalaba, akakaa chini ya mti. Jirani aliyekuwa akipita na mkokoteni wa maziwa nusura aanguke.

“Juhan! Wewe si umekufa?”

“Ndivyo ninavyosoma hapa. Sasa sijui kama naruhusiwa kupita.”

Jirani akakimbia kumwita mke wa Juhan, Leida. Leida akaja na aproni ya zizini, akilia na kugomba kwa pamoja, akamshika mkono: “Acha upuuzi wako, bwana, ng’ombe hawajakamuliwa!” Akampitisha penye mti. Hillar alizaliwa miaka miwili baadaye.

Mke wa Hillar, Helju, alikuwa mpishi wa shule yetu mpaka ilipofungwa kwa kukosa watoto. Wengi mnaosoma programu hii ya sherehe ya kumuaga Hillar mmekula uji wake wa shayiri na kuombwa muongeze. Alifariki mwaka 2018, majani yakipukutika. Msafara wa mazishi ulisimama kwenye kona, chupa ikazunguka, na Hillar mwenyewe akachonga msalaba, bila kumwachia mwanawe kisu.

Baada ya hapo nikaanza kusikia kimya kwenye simu ya upepo, kila siku mahali palepale. Tarmo, fundi wetu, alipanda naye siku moja kusikiliza gia, akarudi na habari. Walipofika kwenye kona Hillar aliinua kisu cha greda cha kusukumia theluji, akasimamisha, akafungua mlango wa upande wa pili, akauacha wazi katika baridi ya kukata masikio.

“Mzee, tunamngoja nani?” Tarmo akauliza.

“Abiria.”

Kisha akaufunga taratibu, wakaendelea. Alikuwa akijaribu kufanya alichofanya mama yake. Karakana yetu humtania kila mtu kwa kila kitu, lakini jambo hilo hatukuligusa. Jumamosi, akimaliza kuoga katika sauna ya moshi, kibanda chake cha kuogea kwa mvuke, huacha ndani maji ya moto ya mtu mmoja na taulo. Asubuhi huyamwaga.

Mwaka juzi wahandisi walitoka mji mkuu na ramani ya kuinyoosha kona. Msonobari ungekatwa. Watu walijaa ukumbini kuutetea, nami nikapaza sauti mpaka ikakauka. Hillar pekee hakusema neno, akatoka nje. Nikamfuata.

“Hillar, mbona umenyamaza? Wewe ndiye ungekuwa wa kwanza!”

Alinijibu kwa lugha yetu ya kusini, ambayo mbele ya wahandisi huwa haitumii. “Urve, mti ukianguka, si Helju ataweza kufika nyumbani?”

Swali hilo lilinichoma, na linanichoma bado ninapoandika.

Tuliporudi ndani Bibi Salme, jirani wa Hillar, alikuwa ameshika kipaza sauti. “Nyie vijana wa ramani, sikilizeni. Mama yangu yuko kwenye mti huo. Nilimuuguza miaka tisa, na kila asubuhi ya Mungu alinitukana kwa sababu ya uji. Mkiukata atarudi! Mtakuja kumpikia nyinyi?”

Ukumbi uliangua kicheko, na Hillar, akiwa mlangoni, alicheka mpaka akafuta macho. Watu walipoulizwa nani anataka mti ubaki, aliinua mkono pamoja nasi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, “Salme analala peke yake nyumba nzima. Nimletee tena balaa la mama yake?” Wahandisi wakakunja ramani yao, na kona ikabaki na msonobari wake.

Sasa anastaafu. Mwanawe amemtengea chumba Ufini, na Hillar ameshukuru akakataa. Kinachomnyima usingizi ni kwamba kuanzia kesho hana greda la kumfikisha kwenye kona, na theluji ikianguka mguu wa mtu wa umri wake haufiki. Njia za mashambani ndizo za mwisho katika mpango wa zamu, mara nyingine hufikiwa kesho yake. Anajua hivyo kuliko mtu yeyote, na hakuomba apendelewe.

Hillar, asante kwa njia zote ulizotufungulia, hata zile ambazo hakuna aliyezipita. Saa ya ukutani utapewa na mkubwa. Ya kwangu ni hii, na sikumuuliza mtu: kila asubuhi ya theluji, kabla ya barabara kuu, kabla ya basi la shule, greda litaanza mlangoni kwako na kwenda hadi kwenye msonobari. Mkubwa akiuliza tunamsafishia nani, nitamwambia abiria.

Tunakutakia maisha mema na miguu yenye nguvu. Msalimie Helju.