Sauti ya Steringi

Tangu basi litoke Huruma, Mwelu alikuwa akitega sikio kiti cha mbele, na bado hakujua kati ya wale wawili nani kachanganyikiwa.

Mwanamume mmoja, ambaye koti lake lilinuka mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko, alikuwa akitazama kwenye simu filamu ya kauboi wa zamani. Bibi mzee aliyeketi naye akamwambia aongeze sauti.

“Haina sauti, shosho. Zamani filamu zilikuwa bubu. Huyu steringi, mwigizaji mkuu, alivuma sana, lakini zilipoanza kuongea wakamwacha. Wanasema sauti yake ilikuwa mbaya.”

“Nani anasema? Mimi naijua sauti yake. Nzito, na Kiswahili chake cha Kikamba.”

Mwelu, Mkamba mwenyewe, akainama mbele. Kauboi Mkamba hakuwahi kumsikia.

“Shosho, huyu ni Mmarekani. Alikufa kitambo, hata hujazaliwa.”

“Alikufa mwaka jana. Tulimzika Kitui.”

Mwanamume akageuka kumtazama Mwelu, kama anayeomba msaada. Kisha akamrudia bibi.

“Kwani ulimwona wapi?”

“Kwa kibanda cha video, hapo Huruma. Huyu wako alikuwa akifungua mdomo tu. Aliyemtilia maneno ni Wathome, mume wangu, na maikrofoni yake. Sasa niambie ubaya wa ile sauti.”

Basi likasimama soko la Burma. Mwanamume alikuwa wa kushuka hapo, lakini bibi alikuwa ameshachukua simu na kuiweka sikioni.