Mama Ngazi Anaondoka Kabla ya Kituo cha Hospitali Kufunguliwa

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, msanifu mkuu wa vituo vya usafiri katika ofisi yetu anastaafu rasmi. Wageni humwita Bi Msanifu. Sisi tunamwita Mama Ngazi, na jina hilo lilitokana na chuki yake: kila ngazi aliyoikuta kwenye mchoro wa kituo aliikata kwa kalamu nyekundu, kisha akamuuliza aliyeichora kama bibi yake bado anatembea.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu meza zetu zimetazamana kwa muda mrefu kuliko umri wa ndoa yangu. Nilipanga uwe wa kuchekesha. Nitajaribu, lakini mniwie radhi nikishindwa, maana mwaka huu haukuwa wa kicheko kwake.

Alikuja kwetu wakati jiji halikuwa na kituo hata kimoja cha kuunganisha usafiri. Ulishuka basi upande huu wa barabara, treni ilikuwa kule, na katikati kulikuwa na mtaro, magari na kudra za Mungu. Wakubwa waliamini dawa ya foleni ni kupanua barabara. Yeye alisema wengi hawanunui gari kwa kulipenda, wananunua kwa kuchoka kulowa mvua wakisubiri basi la pili. Akaanza na kituo cha sokoni. Basi likasogezwa hadi ubavuni mwa treni, paa likawa moja, baiskeli zikapata mahali pa kufungwa, na miti ikapandwa upande wa jua la mchana. Siku hizi wapo wanaoacha magari yao nyumbani, na majirani wa kituo wanakiri kwamba wanapumua vizuri zaidi.

Kazini alikuwa na sheria moja ambayo haimo kwenye mwongozo wowote. Mchoro haukusainiwa mpaka aliyeuchora aende mahali penyewe, atembee kutoka linaposimama basi hadi inaposimama treni, kiroba cha unga mkono mmoja na mwavuli mkono wa pili. Kituo kikishajengwa, zoezi linarudiwa. Tuliuita mtihani wa unga. Mhandisi wetu wa barabara, ambaye leo ndiye mkurugenzi, aliufanya akiwa ndani ya suti mpya, na kabla hajamaliza ngazi alizozichora mwenyewe, kiroba kikapasuka. Alirudi ofisini mweupe kuanzia nywele hadi viatu, akaiomba ile kalamu nyekundu. Kwamba ofisi yetu iko ghorofa ya tatu na lifti yake ilikufa zamani, hilo hatulizungumzii. Mganga hajigangi.

Kituo cha hospitali ndicho kilichomtafuna. Pale abiria hushuka upande mmoja wa barabara kuu, na hospitali iko upande wa pili. Cha kuwavusha kilikuwa daraja la juu lenye ngazi ndefu pande zote mbili. Idara ya barabara ilitaka kituo kipya kijengwe na daraja libaki palepale, ili magari yasisimame. Mama Ngazi alitaka watu wavuke chini, kwenye kivuko kilichoinuliwa hadi usawa wa njia ya miguu, na magari ndiyo yasubiri. Vikao vilikwenda na kurudi miaka nenda miaka rudi. Waliomshinda kwa hoja hatukuwaona, ila waliomshinda kwa cheo walikuwa wengi. Alikuwa akitoka kikaoni, anakunywa chai yake, anaanza kuchora upya.

Jambo ambalo hakulisema hata siku moja ni kwamba mumewe alikuwa anapita kwenye daraja hilo. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtani wangu mkubwa, aliyeniita mdogo wake tangu siku aliponifunga drafti mbele ya watu. Kiharusi kilimpiga akabaki kwenye kiti cha magurudumu, na kila wiki alitakiwa kwenda hospitali kunyooshwa viungo. Gari hawakuwa nalo, teksi walizimudu mara mojamoja. Wapita njia wema walimbeba mgongoni, wakampandisha na kumshusha, kiti kikifuata nyuma. Siku moja wakamwangusha. Hakuumia sana, lakini tangu hapo alikataa kwenda. Alisema yeye si gunia. Kibali cha kivuko kilipotoka hatimaye, na mafundi wakaanza kulibomoa daraja, mwalimu alikuwa hainuki tena kitandani. Tulimzika mvua za kwanza za mwaka huu zilipoanza.

Habari ya daraja tuliisikia msibani, kutoka kwa wifi yake. Mkurugenzi alimuuliza Mama Ngazi kwa nini hakuitaja kwenye vikao, kwani nani angethubutu kumpinga. Akajibu, "Kituo hakijengwi kwa ajili ya mume wa mtu. Ningemtaja, wangenihurumia, wangenipa dereva, na ngazi zingebaki."

Wiki iliyopita kivuko kilikamilika na siku ya mtihani ikafika. Tulimsubiri na kiroba chetu. Akaja anasukuma kile kiti cha mwalimu, kitupu. Hatukujua tuangalie wapi. Akaniambia, "Kaa, shemeji." Nikakaa. Akanisukuma kutoka linaposimama basi, chini ya paa, akanipitisha kwenye kivuko huku magari yamesimama pande zote, hadi kwenye geti la hospitali. Hakuna mahali gurudumu lilipogoma. Alipofika alishika geti kwa mkono mmoja, akasema taratibu, "Angefika."

Akalia. Tukalia naye, mkurugenzi akiwamo, na hata mlinzi wa geti ambaye hakujua tunamlilia nani. Karatasi ya kumpokelea mkandarasi kazi aliisaini palepale, kwenye goti langu.

Ofisi ilimwomba aongeze mwaka mmoja, akakataa kwa upole. Ametuambia pia kwamba mwezi ujao, kituo kitakapofunguliwa, asitarajiwe, kwa sababu kimechelewa na hana moyo wa kupiga makofi. Hatukumbishia.

Dada yetu, asante. Asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutuvumilia tulipokuwa wabishi bila sababu. Meza yako itakaliwa, ila mimi nitachukua muda kuizoea sura itakayokuwa upande wa pili. Ustaafu wako uwe wa heri, wenye usingizi mzito na watu wa kukutembelea. Na tunakuombea siku moja, hata ikichukua miaka, utoke nyumbani na haraka zako, ushuke basi pale hospitali, uvuke barabara huku ukigombana na mtu kwenye simu kuhusu bei ya nyanya, na ufike ng'ambo bila kukumbuka kwamba paliwahi kuwa na daraja.