Dada Kioo Aliyemrudisha Mshonaji Kwenye Utani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwafundisha watu kuongea upya, Dada Kioo anastaafu kutoka kitengo chetu cha tiba ya usemi. Jina hilo alipewa na wagonjwa, kwa kile kioo anachowashikisha ili wautazame ulimi ukijifunza kazi. Umri wa bibi anao, lakini ole wake atakayemwita bibi.

Alianzia katika stoo ya magodoro. Leo tuna vyumba vitatu, na sote tumewahi kukemewa kwa kumpa mgonjwa uji wa kujifunzia kumeza ambao sisi wenyewe hatujauonja.

Tutamkumbuka zaidi kwa yule mshonaji. Mama huyo alikatwa sehemu ya ulimi kwa saratani ya kinywa, kisha akapigwa mionzi. Kidonda kikapona, kumeza akaweza, lakini kuongea akakataa katakata. Aliionea aibu sauti yake mpya. Wifi yake, aliyemsindikiza kila kliniki, alimjibia kila kitu kwa upole, huku akimwita maskini. Kumbe zamani wawili hao hawakukaa dakika tano bila kuchokozana!

Dada Kioo aliona kwamba kila neno “maskini” likitajwa, macho ya mshonaji yanawaka. Akamvuta wifi koridoni, akamwagiza arudishe uchokozi wake. Wifi akalia: atamchezaje shere mgonjwa? Akaambiwa kuwa upole wake ndio unaomzika mwenzake akiwa hai.

Kliniki iliyofuata, wifi alijikaza akasema kwamba gauni la mwisho aliloshonewa lilimtoa kama gunia la mkaa, mkono mmoja juu, mwingine chini. Kisha mshonaji, mate yakimtiririka, akamjibu neno moja moja kwamba gauni halina kosa. Mabega ya wifi ndiyo yaliyonuniana. Wifi alicheka hadi akalia tena. Dada Kioo hakupiga makofi. Alimpa mshonaji kitambaa cha kufutia mdomo, akamwomba wifi aendelee.

Kwenye hafla ya kumuaga, mshonaji ndiye atakayetoa shukrani kwa niaba ya wagonjwa. Ametuomba jambo moja tu: akikwama, mtu yeyote asimsaidie. Tutangoja.

Dada Kioo, asante kwa kila sauti uliyoisubiri. Lala mpaka jua likuchome, na afya njema ikuandame kila uendako.