Ng'ombe Hawafiki Perth

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji wetu, wazee wa ukoo, mama yangu, nanyi ndugu wageni waalikwa mliokuja Mhunze kuniaga: wakubwa shikamooni, wenzangu habari za mchana.

Sauti moja haijanitoka tangu Januari. Ni msonyo. Baba mkubwa Nkwabi aliutoa mbele ya kikao cha ukoo, mara tu niliposema nimepata nafasi ya kusomea miamba Perth, kule Australia.

"Justa," akauliza, "ng'ombe wanafika huko kwa miguu?"

Mkacheka. Nami nilicheka, maana kanuni yetu naijua: binti asiolewe mbali kuliko ng'ombe wa mahari wanavyoweza kuswagwa.

Nikamjibu kwamba kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu nane kwa ndege.

"Basi tukufunge kamba kwanza," akasema.

Kamba yenyewe ikawa mahari. Wiki ile ile ng'ombe wa kina Edson wa Isaka wakaingizwa katika zizi letu, ili nisome huku nikijua narudi kwa nani. Edson ni kijana mwema. Sikuulizwa, na sidhani kama hata yeye aliulizwa.

Wazee wangu, mnaogopa umbali. Je, umbali wa shangazi Vumilia aliupima nani? Alipoolewa Runzewe ng'ombe walifika kwa miguu, wamenona, mkawasifu. Bibi alipougua, shangazi aliomba ruhusa ya kuja kumuuguza; mumewe akamwambia asubiri pamba ivunwe. Pamba ilipovunwa, bibi tulishamzika. Na Runzewe basi linakwenda na kurudi kila siku! Sasa niambieni aliye mbali ni nani: ni yeye, au ni mimi nitakayekaa ng'ambo na pasi yangu mkononi, nikitaka kurudi nisimwombe mtu?

Shangazi yuko pale nyuma, mwenye kitenge cha kijani. Usiinamishe uso, shangazi. Wa kuinama leo si wewe.

Nawashukuru kwa sala, kwa ngoma, na kwa wali ambao baba mkubwa ameusifia kabla haujaiva. Mama, umenilea peke yako tangu baba afariki, na umewahi kunyamaza mara nyingi kwa ajili ya amani. Ahsante kwamba safari hii hukunyamaza.

Baba mkubwa, najua umezima simu kwa heshima ya shughuli hii. Ukiiwasha utakuta umetafutwa sana. Usiwagombeze vijana, wao walitumwa tu.

Asanteni kwa kunisikiliza, hata ninyi mnaonong'ona. Juzi nilikwenda Isaka, nikakaa na Edson na baba yake, tukaelewana bila kelele. Na leo alfajiri mama amefungua zizi kwa mkono wake mwenyewe, vijana wa kina Edson wakawatoa ng'ombe wao wote, wakawaswaga kurudi Isaka.