Aliyesimama Nyuma Yangu

Asalaam aleikum, ndugu zangu, na akina mama mlioko nyuma ya pazia. Shekhe kaniambia niseme kwa kifupi. Mimi mtu wa Mlandege, Iringa, na kwetu kifupi hatukijui, ila nitajitahidi.

Mnajua nilikwenda vitani Kagera na mgambo wenzangu. Siku moja tulikuwa tunatembea mstari mmoja porini, rafiki yangu akiwa nyuma yangu. Risasi zikalia, tukalala chini, tukainuka, tukaendelea. Nikawa namsemesha. Kimya. Nilipogeuka hakuwepo. Nilikuwa nimetembea hatua nyingi naongea peke yangu.

Nikarudi mzima hapa Mbeya, mtaa wetu wa Soweto, kwa mke wangu, nikadhani yamekwisha. Ijumaa ya kwanza nikaingia kwenye safu. Tukasujudu. Nawaambia, paji la uso liko mkekani, mimi nikageuza shingo kuangalia kama wa nyuma yangu bado yupo. Rakaa ya pili vilevile. Swala gani hiyo? Nikaona aibu, nikachukua viatu, na msikitini sikurudi miezi minne.

Nikahamia kwenye drafti. Msicheke, wengine mlikuwa mnanitazama. Fundi baiskeli wetu alikuwa na ubao na vizibo vya soda, tukacheza kutwa. Niliupenda ule mchezo kwa sababu kete zote unaziona, na zilizoliwa zinarudi mkianza upya. Vita haiko hivyo. Adhana ikilia, fundi anasema, "Kaka, zamu yako hiyo, ifikirie vizuri, naswali narudi." Hakuwahi kuniambia twende. Mke wangu ndiye aliyenisema: "Baba, naona umeoa ubao." Ilinichoma, maana ni kweli.

Kisha mama yake fundi akafariki. Ningekosaje? Tulikuwa wachache, wengi wako mashambani, lakini shekhe akatupanga safu tatu kama ilivyo kawaida ya jeneza. Nilitaka kujificha nyuma kabisa, nikasogezwa safu ya kati. Jasho likanitoka na baridi yote ile ya Mbeya. Takbira ya kwanza, ya pili, nangoja tuiname niharibikiwe. Ya tatu, ya nne, salamu. Imekwisha. Mimi niliyesoma madrasa tangu utotoni nilikuwa nimesahau kwamba swala ya jeneza haina kuinama wala kusujudu! Nilisimama mpaka mwisho na shingo haikugeuka. Nikalia pale pale, watu wakadhani namlilia marehemu. Na yeye nilimlilia kidogo.

Baada ya maziko nikamweleza fundi yote. Akasema, "Kumbe. Basi magharibi nasimama nyuma yako. Tukisujudu nitakohoa." Akakohoa kila sijida, wiki nzima, nanyi mkampa pole ya kifua. Shekhe alijua, akanyamaza.

Sasa nina raha, ndugu zangu. Nalala, nakula, na drafti bado nacheza, bado nafungwa. Namshukuru Mungu, namshukuru fundi, na mke wangu kwa ulimi wake. Ninachojua ni hiki: kinachokutisha mwambie mtu mmoja tu. Mimi nilingoja miezi minne bure.

Najua wapo wenzangu waliorudi na hawajaingia humu. Mmoja namwona pale mlangoni, viatu mkononi. Sikutaji. Alasiri imekaribia. Njoo usimame mbele yangu. Nitakuwepo nyuma yako mpaka salamu.